Arduino, ESP32, Raspberry Pi au kompyuta ya ex-UK: ipi ibebe sauti ya kazi yako?

Ukitaka kutundika kazi ya sanaa inayolia mtu anapoigusa, vifaa vingi vya lazima vinapatikana Nairobi, kati ya Luthuli Avenue na River Road, na fundi wa chuma yuko Kamukunji. Kinachokwamisha watu ni uchaguzi wa kifaa kitakachosoma mguso na kutoa sauti: Arduino au ESP32 (bodi ndogo zinazoendesha programu moja), Raspberry Pi (kompyuta nzima kwenye bodi ndogo), au kompyuta ya kawaida, kama zile za ex-UK zilizokwisha kutumika Uingereza. Wengi huuliza kipi kina kasi zaidi. Kwa maonyesho ya Nairobi tunashauri uanze na swali jingine: stima ikipotea saa nane mchana na kurudi saa nane na dakika tano, kazi itaamka yenyewe? Wewe hutakuwepo. Atakuwepo mlinzi mlangoni na mhudumu wa ukumbi, na si haki kumwachia mmoja wao karatasi yenye maagizo kumi na moja.

Swali la pili ni la sikio: kutoka mguso hadi sauti ni muda gani? Kwa kazi inayopigwa kama ngoma, chini ya milisekunde 10 karibu hakuna anayesikia pengo. Ikifika 30, mpigaji anahisi kwamba sauti inamfuata nyuma. Kwa mngurumo unaopanda polepole mtu akikaribia, hata milisekunde 100 hazina neno. Kwa hiyo jua kwanza kazi yako inapigwa au inakaribiwa, kisha ndipo ununue bodi.

Ulinganisho huu tunaufanya juu ya kazi moja. Sufuria nane za alumini, ukubwa tofauti, zimetundikwa kwenye ubao wa plywood ukutani. Ukiweka kiganja juu ya sufuria inalia noti yake kama uzi wa gitaa uliopigwa kwa kidole, na ukisogea karibu na ukuta mngurumo wa chini unafunguka. Miguso minane, umbali mmoja, sauti tisa.

Jambo moja la kutangulia, maana linaharibu kazi kabla ya umeme kufika: risasi ya kawaida ya kulehemu haishiki alumini. Juu yake kuna utando wa oksidi unaorudi papo hapo hata ukiukwangua. Toboa tundu dogo kwenye ukingo wa sufuria, pitisha bolti ya milimita 4, funga waya uliokunjwa mduara katikati ya nati mbili. Na pale bolti ya kutundikia inapopita kwenye ubao, weka pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli, kwani plywood iliyolowa unyevu wa msimu wa mvua inapitisha umeme kidogo, na sufuria mbili jirani zinaanza kulia pamoja.

Arduino Uno

Uno (tunazungumzia R3 iliyozoeleka, si R4) ni rahisi kuelewa, inavumilia makosa, na vitabu vingi vya kujifunzia vinaanzia hapo. Kwa kusoma vihisi ni nzuri. Kwa kutoa sauti ina mipaka mikali: kasi ya megahezi 16, kumbukumbu ya kazi kilobaiti 2 tu, na haina kigeuzi cha kugeuza namba kuwa sauti. Amri ya tone() inatoa wimbi la mraba moja kwa wakati, na ikiwa inalia inavuruga pini 3 na 11 za kufifisha taa, kwa kuwa zinatumia saa ileile ya ndani.

Maktaba ya Mozzi (programu ya sauti iliyokwisha kuandikwa) inaifikisha mbali kuliko inavyotarajiwa. Inatoa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 16,384 kwa sekunde kupitia pini 9, maana yake sauti ya juu kabisa inayoweza kusikika ni takribani hezi 8,000. Unapata mngurumo, mlio wa kengele, na rangi ya ukwaruzo ambayo wasanii wengine wanaipenda kwa dhati. Lakini jaribu sufuria zetu: uzi mmoja wa hezi 110 uliotengenezwa kwa mbinu ya Karplus-Strong, inayoiga uzi kwa kuzungusha sampuli chache kwenye kumbukumbu, unahitaji sampuli 149 za kukumbuka. Nyuzi nane ni baiti 1,192 kati ya 2,048. Zaidi ya nusu ya kumbukumbu imeondoka, na Mozzi yenyewe bado haijachukua yake.

Mguso nao unaibana. Uno haina pini za mguso. Unaweza kutumia rezista ya mega-omu 1 na maktaba ya CapacitiveSensor, ila kila usomaji unasimamisha kila kitu kwa muda, na ukisoma sufuria nane mfululizo sauti inakatikakatika. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 kina shida hiyohiyo. Mwangwi wa mita 4 unachukua milisekunde 23 kurudi, na usiporudi, amri ya pulseIn inaweza kungoja hadi sekunde nzima. Mpe kikomo: pulseIn(pini, HIGH, 25000).

Faida yake kubwa ni kuamka. Bila kitu chochote cha ziada, Uno inawaka na kuanza kazi ndani ya sekunde mbili hivi, mara elfu moja, bila kuchoka. Kwa hiyo tunaipendekeza kwa kazi ya sauti moja au mbili zenye ukali wa kielektroniki, au kama msomaji wa vihisi anayetuma namba kwenye kompyuta. Usitarajie ijitambulishe kwenye kompyuta kama kinanda cha MIDI (lugha ya ala za muziki za kielektroniki). Bodi nyingi za bei nafuu zina chipu ya CH340, na hiyo haiwezi. Ukihitaji MIDI ya USB nunua bodi yenye ATmega32U4, kama Leonardo au Pro Micro.

ESP32

Hapa ndipo tungeanzia kazi ya sufuria. Viini viwili vya megahezi 240, kumbukumbu kilobaiti 520 (unazoweza kutumia ni pungufu), pini kumi za mguso zilizojengwa ndani, na njia ya sauti ya kidijitali ya I2S. Inaamka haraka kama Uno. Pesa ya Raspberry Pi moja na chaja yake halisi inanunua ESP32 kadhaa, jambo lenye uzito ukitaka ya akiba.

Pini kumi za mguso zinasikika tele kwa sufuria nane, mpaka uzihesabu. Ni GPIO (jina la pini kwenye bodi) 0, 2, 4, 12, 13, 14, 15, 27, 32 na 33. Pini 0, 2 na 12 zinasomwa na chipu inapowaka ili ijue iwake kwa namna gani: 12 ikiwa juu wakati huo, bodi inaweza kukataa kuwaka, 0 ikiwa chini, inangoja kupakiwa programu mpya. Kufunga sufuria kubwa inayoguswa na umma kwenye pini za namna hiyo ni kujitafutia taabu. Zinabaki saba. Ama upunguze sufuria moja, ama ununue bodi ndogo ya MPR121 yenye miguso 12, inayotumia nyaya mbili za I2C na volti 3.3. Sisi tungenunua MPR121 hata kwa sufuria saba, kwa sababu inafuatilia yenyewe kiwango cha kawaida cha kila sufuria kadiri hewa inavyobadilika asubuhi hadi jioni.

Ukitumia pini za ndani, angalia umenunua ESP32 ipi. Kwenye ile ya kwanza namba ya touchRead inashuka ukigusa. Kwenye ESP32-S3 inapanda. Programu iliyoandikiwa moja ikiwekwa kwenye nyingine haitasoma mguso ipasavyo, na mtu anaweza kumaliza jioni nzima akibadilisha nyaya zisizo na kosa.

Sauti sasa. ESP32 ya kwanza ina vigeuzi viwili vya biti 8 kwenye GPIO 25 na 26. Vinasikika kama redio iliyo nje kidogo ya stesheni: noti ikifa polepole, mkia wake unazama kwenye mchanga. Kwa nyuzi zinazofifia hilo haliwezi kuvumilika. Ongeza bodi ya I2S. Ziko mbili za kuchagua, na tofauti yake ni ukumbi.

MAX98357A ni kigeuzi na amplifaya pamoja, inasukuma wati 3.2 kwenye spika moja ya omu 4 kwa volti 5. Inatosha chumba kidogo chenye utulivu. Unganisha BCLK kwenye GPIO 26, LRC kwenye 25, DIN kwenye 19 (22 kwa kawaida ni ya I2C, utaihitaji kwa MPR121), kisha volti 5 na GND (ardhi ya bodi, yaani volti sifuri). Nyaya zote mbili za spika zinasukumwa, kwa hiyo usiguse GND kwa waya wowote wa spika, wala usiuchomeke kwenye mixa. Weka kapasita ya maikrofaradi 470 hadi 1,000 karibu kabisa na pini zake za umeme. Bila hiyo, sufuria tatu zikilia pamoja volti inazama, na ESP32 inajizima na kuwaka upya. Dalili yake ni kazi inayonyamaza kwa sekunde moja kila mara watu wanapochangamka.

PCM5102A haina amplifaya. Inatoa sauti safi ya stereo ya kupeleka kwenye mixa au spika kubwa za ukumbi. Ichukue kwa usiku wa ufunguzi wenye watu mia wanaoongea. Ukisikia mvumo mnene wa hezi 50 mara tu unapochomeka kwenye mixa, ni mzunguko wa waya wa ardhi kati ya chaja yako na amplifaya ya ukumbi. Transfoma ndogo ya kutenganisha sauti inaumaliza. Kuvunja pini ya ardhi ya plagi kunaumaliza pia, na kunaweza kuua mtu anayegusa sufuria. Usifanye hivyo kamwe.

Kwa nyuzi nane za Karplus-Strong kwa sampuli 44,100, uzi wa hezi 110 unachukua sampuli 401, baiti 802. Nane hazifiki kilobaiti 7. ESP32 haitoi hata jasho. Ukiweka vipande vinne vya bafa (akiba ya sauti inayosubiri kutolewa) vya sampuli 128, kuchelewa kwa upande wa sauti ni kama milisekunde 12, na kiganja kinaridhika. Endesha sauti kwenye kiini kimoja na vihisi kwenye kingine, na kama huhitaji WiFi izime.

Inapoishiwa ni kwenye sauti zilizorekodiwa. Sekunde moja ya sauti ya mono kwa ubora wa kawaida ni kilobaiti 88. Bodi ya megabaiti 4, kwa mgawanyo wake wa kawaida, inakuachia nafasi ya sekunde 16 hivi kwa faili zote. Ukiongeza kadi ya microSD muda unapanuka, lakini kusoma faili nane kwa pamoja kutoka kadi moja kunaleta mikwaruzo. Kama kazi yako ni sauti za soko la Gikomba, za stendi ya matatu na za masimulizi ya wazee, zikichanganyika kwa dakika nyingi, acha ESP32 na usome sehemu inayofuata.

Raspberry Pi na Pure Data

Pure Data (kwa kifupi Pd) ni programu ya sauti iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990, ni ya bure, na unaijenga sauti kwa kuunganisha visanduku kwa mistari. Kwa mtu wa sauti asiyependa kuandika programu ndiyo mlango ulio wazi zaidi. Pi 4 inaendesha vichungi, mwangwi mrefu, faili za dakika kadhaa, na spika nyingi ukiwa na kadi ya sauti inayofaa. Hakuna kingine hapa kinachoikaribia kwa utajiri wa sauti kwa umeme kidogo.

Bei yake ni kazi ya kuifanya isimame yenyewe. Pi haina pini za kusoma volti, kwa hiyo vihisi vya analogi vinahitaji chipu ya MCP3008. Sufuria zetu zingetumia MPR121 ileile, zikisomwa na programu fupi ya Python inayotuma ujumbe wa OSC (njia ya programu za sauti kuzungumza) kwa Pd. Tundu la sauti la Pi 3 na 4 lina kelele ya chini inayosikika ukumbi ukitulia, na Pi 5 na Zero hazina tundu kabisa. Nunua kadi ya sauti ya USB, au PCM5102A.

Halafu kuamka. Pakia mfumo wa Raspberry Pi OS Lite, usio na skrini. Pd iitwe na systemd (sehemu ya mfumo inayoanzisha programu Pi inapowaka) kwa amri kama hii:

pd -nogui -noadc -alsa -audiobuf 15 -open /home/sanaa/sufuria.pd

Weka Restart=always na RestartSec=3. Ndani ya faili ya Pd weka loadbang (kisanduku kinachojiwasha faili ikifunguka) inayotuma ujumbe wa pd dsp 1, yaani washa sauti. Ukisahau, kila kitu kitafunguka sawasawa na kazi itakaa kimya, kwa sababu bila skrini hakuna wa kubonyeza kisanduku cha DSP. Kadi ya sauti nayo inaweza kubadilishwa namba Pi ikiwaka upya: leo USB ni ya pili, kesho HDMI imechukua nafasi yake na sauti inakwenda kwenye skrini isiyokuwepo. Zima sauti zingine ndani ya config.txt: dtparam=audio=off, na noaudio kwenye mstari wa vc4-kms-v3d. Ibaki kadi moja tu.

Hatari kubwa ni kadi ya kumbukumbu. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili za mfumo zinaweza kuharibika na Pi isiwake tena. Dawa ipo ndani ya raspi-config: Overlay File System. Ukishaiwasha, Pi inasoma kadi bila kuiandikia na unaweza kuing'oa ukutani utakavyo. Iwashe baada ya kumaliza marekebisho yote, la sivyo kila utakachobadilisha kitapotea ikizimwa.

Chaja ya simu haitoshi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, Pi 5 inataka ampea 5. Kebo nyembamba inakula volti njiani, na zikishuka chini ya 4.63 Pi inapunguza kasi na sauti inakwaruza. Uliza yenyewe kwa vcgencmd get_throttled: ikijibu 0x0 umeme ni mzuri, jibu jingine mara nyingi ni umeme dhaifu, au joto, kwa hiyo badilisha kebo kwanza kabla ya kulaumu Pd. Kuamka ni nusu dakika hivi. Kwa maonyesho hilo si tatizo, kwa onyesho la jukwaani ni refu.

Kompyuta na kivinjari

Kama kazi ina picha kubwa ya projekta inayoitikia watu, kompyuta kamili haikwepeki. p5.js, maktaba ya JavaScript, ndani ya Chrome inachora na kulia bila malipo. TouchDesigner, programu ya picha zinazoitikia papo hapo, ina nguvu kuliko zote kwa picha, na toleo lake lisilo la biashara linakufungia kwenye pikseli 1280 kwa 1280, kwa hiyo pima projekta yako kabla ya kuahidi mwenye ukumbi. Vihisi vinasomwa na Uno au ESP32 kupitia kebo ya USB.

Watu wengi hushika laptopu kwa sababu wanayo, na betri yake inavusha dakika chache za giza. Giza likirefuka na betri ikaisha, laptopu nyingi hazitawaka zenyewe stima ikirudi. Kompyuta ndogo ya mezani ya ex-UK inafaa zaidi. Ingia kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka), tafuta mpangilio wa kinachofanyika baada ya umeme kukatika, uweke iwake. Kisha ondoa nywila ya kuingia, zima usingizi wa skrini, zima masasisho ya ghafla, na Chrome iitwe na --kiosk pamoja na --autoplay-policy=no-user-gesture-required. Bila hiyo ya pili, Chrome haitoi sauti mpaka mtu abonyeze ukurasa. Kwa mtandao wa ndani kumbuka kwamba maikrofoni na kamera hazifunguki isipokuwa ukurasa uko kwenye localhost au https.

Kuna wanaotaka simu za wageni ziwe spika: unapiga picha msimbo wa QR na simu yako inajiunga na kwaya. Ni wazo zuri, likitayarishwa vizuri linatikisa chumba. Weka WiFi ya ukumbi, usimlazimishe mgeni kuchoma bando lake, na ukurasa wote usizidi megabaiti 1 au 2. Usitegemee simu mia kulia kwa pigo moja. Tunga sauti zinazopendeza zikitawanyika.

Na kwa vyovyote vile, usitumie spika ya bluetooth kwa kazi ya kupigwa. Inaongeza zaidi ya milisekunde 100 na hakuna mpangilio wa programu utakaoziondoa. Waya.

Teensy 4.0 na 4.1 tunaitaja kwa sababu ni nzuri mno kwa sauti: megahezi 600, bafa ya sampuli 128 yenye milisekunde 2.9, na MIDI ya USB iliyo tayari. Ila inaagizwa kutoka nje, na ikiungua siku mbili kabla ya ufunguzi hakuna duka la kukimbilia. Pia toleo la 4 halina touchRead iliyokuwa kwenye matoleo mengi ya 3. Ichukue ukitengeneza ala utakayoipiga kwa miaka, na uagize mbili.

Betri inapobadilisha mguso

Hili halihusu bodi moja, linazihusu zote, na ndilo linaloumiza kazi za mguso hapa kwetu. Kihisi cha mguso kinapima njia ya umeme kutoka sufuria, kupitia mwili wa mtu, hadi ardhini na kurudi kwenye GND ya bodi. Ukiwa kwenye chaja ya ukutani, njia hiyo ipo kwa kiasi fulani. Stima ikipotea na pawabenki ikashika, bodi inaelea hewani bila uhusiano na ardhi, na mguso uleule unasomeka dhaifu. Kazi iliyorekebishwa vizuri kwa stima inakuwa nzito ya kusikia gizani. Au kinyume chake: umeirekebisha nyumbani kwa betri, ukumbini chaja ya bei rahisi inatia kelele na sufuria zinalia zenyewe.

Weka bati pana nyuma ya ubao, lisiguse bolti yoyote, uliunganishe na GND. Ukiweza, weka jingine chini ya mkeka anaposimama mgeni. Hapo njia ya kurudi haitegemei tena ukutani kuna nini. Kisha pima vizingiti (namba ambayo ikivukwa bodi inahesabu mguso) katika hali zote mbili, na uache nafasi kati ya kizingiti cha kugusa na cha kuachia: maktaba ya Adafruit ya MPR121 huanza na 12 na 6, na kwa sufuria kubwa utapandisha.

Pawabenki yenyewe ina tabia mbili za kuchunguzwa dukani. Nyingi hujizima mzigo ukiwa mdogo, na ESP32 iliyotulia ni mzigo mdogo. Nyingi pia hukata kwa kitambo kidogo chaja inapochomekwa au kuchomolewa, kwa hiyo bodi inawaka upya kila stima inapocheza. Mini UPS zinazouzwa kwa ajili ya ruta za WiFi kwa kawaida hazina udhaifu huo wa pili. Hakikisha tu tundu lake la volti 5 linatoa ampea unazohitaji. Pawabenki ya 10,000 mAh inakupa takribani wati-saa 30 baada ya hasara. Pi 4 na kadi yake, kwa wati 5, ni saa sita. ESP32 na amplifaya ndogo, wastani wa wati 1.5, ni saa ishirini.

Kwa umbali, HC-SR04 ni rahisi ila mwangwi wake unamezwa na sweta nene na leso, na inataka milisekunde 60 kati ya usomaji. Kwa ESP32 au Pi punguza volti za pini ya Echo: rezista ya omu 1,000 kutoka Echo, na ya 2,000 kwenda GND. VL53L0X, kihisi cha umbali cha leza, ni ndogo na sahihi hadi mita 2 hivi, lakini jua la dirishani linaipofusha. Ukitaka kutumia piezo ya kusikia mtikiso badala ya mguso, jua kwamba ukuta unaoelekea barabara utasikia pia besi ya kila matatu inayopita.

Tungechukua nini

Kwa sufuria nane: ESP32, MPR121, na MAX98357A au PCM5102A kulingana na ukumbi. Kwa masimulizi marefu, mwangwi mzito au spika zaidi ya mbili: Pi 4 yenye kadi iliyofungwa isiandikwe. Kwa projekta: ex-UK ya mezani na Uno ya vihisi. Kwa darasa la watoto Jumamosi, Uno na Mozzi peke yake, na wafurahie ule mkwaruzo. Aliye na bajeti ya Pi 5 kwa kazi ya sauti nne fupi angenunua ESP32 mbili na spika iliyo bora, kwani spika ya bei ya chini itaangusha bodi yoyote kati ya hizi.

Ukishajenga, izime na kuiwasha kwa swichi ya ukutani mara kumi kabla ya kuipeleka ukumbini. Mara tano ngoja dakika nzima. Mara tano zima na kuwasha ndani ya sekunde moja, maana huo ndio mkatiko mbaya zaidi: kapasita zimebaki na nusu ya volti, ESP32 imeanza upya lakini MPR121 haijazimika sawasawa. Sufuria zote zikinyamaza hapo huku mngurumo wa umbali ukiendelea kufanya kazi, ndiyo sababu. Mwanzoni mwa programu andika 0x63 kwenye rejista 0x80 ya MPR121, ingoje milisekunde 10, kisha uipange upya yote. Gundisha ESP32 ya pili, yenye programu tayari, nyuma ya ubao, na nyaya zote ziwe za kuchomeka, kila plagi na namba yake ya rangi, ili mhudumu aweze kuibadilisha kwa maelekezo ya simu.